Degedege kwenye kituo cha kulelea watoto: tuandike nini ukutani?

MleziKituoni

Habari za jioni wakuu. Tunaandaa mwongozo wa kubandika ukutani kwenye kituo cha kulelea watoto nje kidogo ya mji wa Morogoro. Watoto ni 24, wa mwaka 1 hadi miaka 4. Walezi ni 3, hakuna muuguzi. Zahanati iko dakika 15 kwa bajaji, hospitali dakika 40.

Naomba wenye taaluma wanisaidie kwa undani, siyo ile ya "mpeleke hospitali" tu. Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, ni nani afanye nini na kwa mpangilio upi? Kuna wanaosema awekewe kijiko mdomoni asing'ate ulimi, wengine wanasema amwagiwe maji. Akishatulia baada ya dakika 2 na kulala, bado tumkimbize au tumsubiri mzazi? Tumeshauriwa pia tuweke diazepam kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, je ni sahihi? Na paracetamol ya maji tumpe mililita ngapi?

La mwisho ni gumu kidogo. Wazazi wawili wametuandikia kwamba mtoto wao akipata degedege asichomwe sindano kwa hali yoyote, aitwe kwanza bibi yake. Tuwajibu vipi bila kuwavunjia heshima?

NesiWaWatoto

Ndugu Mlezi, anza na saa. Mtoto anapokakamaa tu, mtu mmoja atazame saa na ataje wakati kwa sauti: "Saa 4 na dakika 12." Kama hakuna karatasi karibu aandike kwenye kiganja. Aliyemshika mtoto anayerusha mikono na miguu huona dakika 1 kama robo saa, na bila saa hamtajua kama zimepita dakika 2 au 8. Maamuzi yote yanayofuata yanategemea namba hiyo.

Wafundishe walezi sura ya degedege ili wasipoteze muda kujiuliza. Macho yanapanda juu au yanakaza upande mmoja. Taya linabana. Mgongo unanyooka kama ubao, pumzi inasita kwa sekunde kadhaa, midomo inabadilika rangi. Kwa ngozi nyeusi tazama fizi na kucha, hapo ndipo weusi wa kukosa hewa huonekana mapema. Kisha mikono na miguu inaanza kuruka kwa mpigo mmoja, povu linatoka, pengine na mkojo. Ukimwita hasikii. Hapo ndipo penye tofauti na mtetemeko wa baridi ya homa: mtoto anayetetemeka kwa baridi anakutazama, analia, anakukumbatia, na ukimfunika mtetemeko unapungua. Mwenye degedege hayupo nawe kabisa.

Mlazeni chini palepale, juu ya mkeka au kanga iliyokunjwa, mbali na ukuta, meza na jiko. Mgeuzeni ubavu, shavu chini, ili mate na matapishi yatoke nje yasirudi kwenye njia ya hewa. Goti la juu likunjwe mbele kidogo asirudi chali. Legezeni kola, ondoeni kofia na shanga za shingoni. Mkono wa mlezi uwe chini ya kichwa kisigonge sakafu, lakini msimkandamize mikono wala miguu. Misuli inakaza kwa amri ya ubongo. Nguvu zenu hazizuii chochote, zinaweza tu kuumiza kiungo.

Kijiko, hapana. Ulimi umeshikwa kwa chini na hauwezi kumezwa. Mtoto anaweza kujing'ata pembeni ya ulimi, na jeraha hilo hupona lenyewe. Kijiko kikilazimishwa kati ya meno yaliyobana huvunja jino, jino linashuka kwenye mapafu, au kidole cha mlezi ndicho kinachokatwa. Vivyo hivyo msimpe maji, maziwa, asali wala dawa ya maji mpaka azinduke na ameze mwenyewe vizuri. Nimesisitiza asali na dawa kwa sababu ndizo watu hukimbilia: "angalau tushushe homa". Kinachomiminwa kwenye mdomo wa mtoto asiye na fahamu kinaishia kifuani.

Maji ya kummwagia pia hapana. Maji baridi yanabana mishipa ya ngozi na kumfanya atetemeke, na kutetemeka kunatengeneza joto. Spiriti mbaya zaidi, hupita kwenye ngozi na mvuke wake huvutwa. Mpunguzieni nguo, fungueni dirisha, basi.

Degedege nyingi za homa huisha zenyewe ndani ya dakika 2 au 3. Ikifika dakika 5 haijakoma, safari ianze, hata kama bado anarusha miguu. Msisubiri itulie, kwa sababu iliyopita dakika 5 ina tabia ya kuendelea, na kadiri inavyoendelea ndivyo dawa inavyokuwa na kazi ngumu kuizima. Bajaji ni bora kuliko bodaboda. Mlezi mmoja akae nyuma na mtoto akiwa ubavu mapajani, uso ukiwa nje anauona. Na tafadhali sana, asifungwe mgongoni kwa kanga: kidevu kinaangukia kifuani, njia ya hewa inakunjika, na anayembeba haoni kama mtoto anapumua.

Kama kurusha kumekoma lakini kifua hakipandi, hiyo ni hali nyingine. Inueni kidevu kidogo, mbaneni pua, mfunikeni mdomo kwa mdomo wenu, mpulizie pumzi 5 ndogo za kutosha kuinua kifua tu. Asiposhtuka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, huku mwingine akitafuta usafiri. Wakati bado anarusha msipulize. Kifua kimekaza na hewa haiingii.

Mfamasia_wa_Mtaa

Naongeza upande wa dawa, maana makosa mengi ninayoyaona yako kwenye kijiko cha chai.

Paracetamol kwa mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite saa 6. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anapata mililita 5, wa kilo 12 mililita 7.5, wa kilo 16 mililita 10. Kikombe au bomba la kupimia liwemo kisandukuni, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani.

Soma lebo kila unaponunua chupa mpya. Kuna paracetamol ya matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 kwenye kila mililita 1. Mlezi aliyezoea "kijiko kimoja" akimpa mtoto wa kilo 8 mililita 5 za matone hayo, amempa miligramu 500, zaidi ya mara 4 ya dozi yake. Zikirudiwa siku 2 ini linaharibika, na dalili zake hazionekani siku ya kwanza. Andikeni pia saa ya dozi kwenye daftari la makabidhiano, kwa sababu mara nyingi mama amekwisha kumpa asubuhi na hakusema.

Aspirini isiwepo kabisa kituoni. Kwa watoto wenye homa ya virusi imehusishwa na ugonjwa mkali wa ini na ubongo. Sindano ya diklofenaki ya "kushusha homa", inayochomwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa, wazazi waikatae kwa mtoto mdogo. Kwa mikoa yenye dengi, kama Dar iliyopata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019, diklofenaki na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kutoka damu. Kaeni na paracetamol tu.

Sasa jambo ambalo wazazi hawalipendi kulisikia: paracetamol humpunguzia mtoto maumivu na kumfanya anywe na kula, lakini haizuii degedege. Tafiti zimelipima hili mara nyingi, hata kwa kutoa dawa ya homa kwa kufuata saa. Mara nyingi degedege hupiga homa ikiwa ndiyo inapanda, kabla mtu hajagusa paji la uso. Basi mama asilaumiwe kwamba "hakumpa Panadol mapema", na mlezi pia asilaumiwe.

Kuhusu diazepam, msiiweke. Ni dawa nzuri mikononi mwa mwenye mafunzo, lakini ikizidi inazima pumzi, na kituo hakina mfuko wa kumpulizia hewa. Na vidonge vya fenobabito ambavyo baadhi ya familia hutunza tangu degedege ya mtoto wa kwanza, vikiletwa kituoni virudisheni. Kwa degedege ya kawaida ya homa, dawa ya kila siku ya kuzuia haipendekezwi: madhara yake, usingizi, ukorofi na uzito wa kujifunza, ni makubwa kuliko faida.

TabibuWilayani

Waliotangulia wameeleza vizuri. Mimi nitakaa kwenye swali la "ametulia, tumsubiri mzazi?" kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanapopotea.

Vitabu vya Ulaya husema degedege ya homa ni ya miezi 6 hadi miaka 5, huwapata watoto 2 hadi 5 kati ya 100, ikiwa fupi na ya mwili mzima haiachi kilema. Ni kweli. Lakini maneno hayo ni ya mtoto ambaye tayari amechunguzwa na malaria, homa ya uti wa mgongo na sukari kushuka vimeondolewa. Kwa mtoto wa Morogoro, Tanga, Kilifi au Kigoma huwezi kuyaondoa hayo kwa macho. Mwongozo tunaoutumia kwenye zahanati unaitaja degedege kwenye ugonjwa huu kuwa dalili ya hatari, sawa na kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kulegea au kupoteza fahamu. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka mtoto. Kwa hiyo mpelekeni hata kama imeisha ndani ya dakika 1, na mzazi apigiwe simu akutane nanyi kule. Tofauti ya dakika 2 na dakika 6 ni ya kasi tu: ya kwanza mnaondoka kwa utulivu baada ya mtoto kupumua vizuri, ya pili mnaondoka mbio.

Kwenda zahanati au kupitiliza hospitali? Kama bado anarusha, au hazinduki, zahanati ya dakika 15 kwanza. Hapo ataanzishiwa dawa na kupewa rufaa. Kupitiliza kwa dakika 40 na ubongo unaendelea kuungua ni kosa.

Wenzangu wa zahanati wanaosoma, tukumbushane. Diazepam kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo. Kichupa cha mililita 2 kina miligramu 10, hivyo mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 1. Vuta kwa bomba dogo, toa sindano, paka mafuta, ingiza sentimita 4 hadi 5, sukuma, kisha bana makalio pamoja kwa dakika chache. Kosa la kawaida ni kuingiza sentimita 1 na kuachia. Dawa yote inarudi kwenye nepi na mtu anadhani imeshindwa. Kuichoma kwenye paja hakusaidii, inafyonzwa taratibu na bila mpangilio. Subiri dakika 10, rudia mara moja. Dozi ya tatu usijaribu, pumzi itaondoka.

Na kabla ya dozi ya pili, pima sukari. Mtoto wa malaria aliyetapika tangu usiku anaweza kuwa chini ya 2.5 mmol/L, na hapo hakuna diazepam itakayoizima degedege hiyo. Glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, kwenye mshipa. Kama mna ya asilimia 50 tu, changanya sehemu 1 na maji ya sindano sehemu 4: mililita 10 kwa 40 zinakupa 50, dozi ya mtoto wa kilo 10. Mshipa haupatikani? Kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, chini ya ulimi, degedege ikiwa imekoma na mtoto akiwa ubavu, huku ukirudia kupima.

Kama hospitali ni mbali na kuna dalili za malaria kali, artesuneti ya njia ya haja kubwa kwa walio chini ya miaka 6: kidonge 1 cha miligramu 100 kwa walio chini ya miaka 3, viwili kwa wa miaka 3 hadi 5. Ni ya kununua muda wa safari. Watu wameona mtoto amechangamka njiani wakageuza bajaji kurudi nyumbani, na usiku vimelea vikarudi. Baada yake lazima zifuate sindano za artesuneti na kisha dawa ya mseto ya siku 3.

Jambo la kutazama kwa karibu: mtoto anaweza kuonekana "amelala" baada ya degedege kumbe bado inaendelea kimyakimya. Inua kope: macho yamekwenda upande mmoja na yanachezacheza. Tazama kidole gumba, pembe ya mdomo, kope moja. Kikicheza kwa mpigo usiokoma, na mate yanajaa, na pumzi haina mpangilio, huyo hajalala. Watoto wa malaria ya ubongo hufanya hivi sana. Usingizi wa kawaida wa baada ya degedege ni tofauti: anakoroma kidogo, ukimfinya sikio anakunja uso, anautoa mkono wako, na ndani ya nusu saa hadi saa moja anafumbua macho na kumtaka mama yake. Ikipita nusu saa bila kuitikia maumivu, mchukulieni kama mwenye malaria ya ubongo au uti wa mgongo mpaka ithibitike vinginevyo.

Wala kipimo cha haraka kikisoma malaria msifunge kesi hapo. Kipimo hicho kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa, na mtoto anaweza kuwa na vimelea na uti wa mgongo kwa pamoja. Chini ya miezi 6, utosi uliovimba, shingo iliyokaza, degedege ya upande mmoja, iliyopita dakika 15 au iliyorudi ndani ya saa 24, au mtoto aliyekwishaanza antibiotiki nyumbani: huyo afikiriwe kutolewa maji ya uti wa mgongo. Wazazi huogopa kipimo hiki kuliko ugonjwa wenyewe. Waelezeni kwamba sindano inaingia chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo uti umekwisha na kuna maji na nyuzi za mishipa tu.

MsomajiTu

Naomba kuuliza juu ya hilo la wazazi na sindano. Hata huku kwetu wazee wanasema degedege ikichomwa sindano mtoto anakufa hapohapo. Na wengine huchoma kinyesi cha tembo wakamfukiza, au kumpaka kitunguu. Kuna ukweli wowote?

TabibuWilayani

Ndugu, imani hiyo ipo pwani yote hadi bara na tusiidharau, maana imejengwa juu ya kitu ambacho watu waliona kwa macho yao. Jina lenyewe linasema: degedege ni pia jina la mdudu wa usiku wa jamii ya nondo, ikaaminika akipita juu ya mtoto humwachia ugonjwa. Kitu cha namna hiyo watu huona kina tiba yake kwa mganga, homa ina yake hospitali. Basi mtoto anapelekwa kwanza kufukizwa. Siku ya pili au ya tatu amekwisha kupoteza fahamu, sukari imekwisha, damu imepungua, ndipo anafikishwa wodini. Anachomwa sindano ya kwanza na ndani ya saa moja anafariki. Familia inarudi na neno moja: sindano imemuua. Waliyoyaona ni kweli, mtoto alikufa baada ya sindano. Kilichomuua ni siku 2 zilizotangulia.

Na kuna kipande cha ukweli tusikifiche. Dawa ya kutuliza degedege ikitolewa kwa pupa huua. Kule Kilifi, Kenya, walifanya jaribio la kuwapa watoto wenye malaria ya ubongo fenobabito ya miligramu 20 kwa kilo ili kuzuia degedege. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: degedege zilipungua kweli, lakini vifo vilikuwa asilimia 18 kwa waliopewa na 8 kwa wasiopewa, hasa kwa pumzi kusimama walipochanganyiwa na diazepam nyingi. Ndiyo maana dozi zinahesabiwa na pumzi zinatazamwa.

Ndugu Mlezi, kwa wazazi wako, ningesema hivi: "Mama, tumekusikia. Sisi hatumchomi mtoto sindano hapa, hatuna ruhusa. Tutamlaza ubavu, tutamfikisha zahanati, na bibi tutampigia simu akutane nasi pale. Lakini hatuwezi kukaa naye tukisubiri." Waambie pia dawa ya kwanza ya kuzima degedege haichomwi, inawekwa kwa njia ya haja kubwa. Taarifa hiyo huwatuliza wengi. Wasainishe siku ya kumwandikisha mtoto, wala msisubiri siku ya tukio. Bibi mwenyewe mkaribisheni kituoni mwonyeshane namna ya kumlaza ubavu. Akiielewa yeye, nyumba nzima imeelewa.

Kufukiza: moshi kwa mtoto anayehangaikia hewa unambania kifua. Kitunguu kwenye ngozi hakimdhuru ila kinakula dakika. Mafuta ya taa puani au mdomoni yanachoma mapafu, hilo likatazwe kwa herufi kubwa.

MleziKituoni

Nashukuru mno. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mtoto aliyewahi kupata, uwezekano wa kurudia ni upi, na je ndiyo mwanzo wa kifafa? Pili, mama mmoja anataka kuacha chanjo ya surua kwa sababu kaka wa mtoto alipata degedege baada ya chanjo.

NesiWaWatoto

Kati ya watoto 10 waliopata mara ya kwanza, 3 hivi hurudia siku nyingine ya homa. Aliyeanza kabla ya kutimiza mwaka ana nusu kwa nusu. Uwezekano unapanda pia kama mzazi au ndugu wa damu aliwahi kupata, kama joto halikuwa kubwa sana degedege ilipompiga, na kama homa ilikuwa na saa chache tu. Andikeni majina ya watoto hawa pembeni ya saa ya ukutani na kila mlezi wa zamu awajue. Miaka 5 ikipita, wengi wao humalizana nayo.

Kifafa ni kitu kingine: degedege zinazojirudia bila homa. Kwa aliyepata ile fupi ya mwili mzima, uwezekano wa kupata kifafa baadaye ni kama 1 hadi 2 kati ya 100, juu kidogo tu ya mtoto mwingine yeyote. Unapanda kwa zile ndefu, za upande mmoja, kwa mtoto aliyechelewa kukaa au kutembea, na kwa waliopona malaria ya ubongo. Hao wafuatiliwe kliniki. Mkiiona degedege kwa mtoto ambaye kipimajoto cha kwapa kinasoma chini ya 37.5 na mama anasema hakuwa na homa kabisa, ielezeni hivyohivyo kwa daktari. Waombeni pia wampime damu: upungufu wa madini ya chuma huonekana mara nyingi kwa watoto hawa, na unatibika.

Chanjo ya surua huleta homa kati ya siku ya 6 na ya 14, ile ya watoto wachanga yenye kinga ya kifaduro siku hiyohiyo au kesho yake. Homa hiyo inaweza kuamsha degedege kwa mtoto mwenye asili nayo, mara chache, na ni ile ya kupita. Surua yenyewe huleta homa ya siku nyingi na inaweza kuvimbisha ubongo. Mwambieni mama achanje, aandike tarehe, na siku hizo mtoto asiachwe alale peke yake. Chanjo za utotoni zinakinga pia bakteria wawili wakubwa wa uti wa mgongo, hivyo kuziacha ni kujiongezea hofu ileile anayoikimbia.

MleziKituoni

Nimeandika rasimu, naomba mnirekebishe kabla sijapeleka kuchapa:

"Tazama saa, itaje. Mlaze ubavu chini. Usiweke kitu mdomoni. Usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji. Mlezi wa pili apige simu ya bajaji na ya mzazi. Mlezi wa tatu awatoe watoto wengine nje. Dakika 5 zikifika, ondoka. Ikikoma mapema, mpe paracetamol, mpeleke zahanati. Beba kadi ya kliniki."

NesiWaWatoto

Nzuri. Badilisha mahali 3. "Mpe paracetamol" iwe "mpe paracetamol akiwa amezinduka na anameza". Simu ya bajaji ipigwe tangu dakika ya kwanza, siyo ya 5, maana dereva naye anahitaji dakika zake kufika. Ikitulia mapema bado mnaihitaji. Namba 2 za madereva na ya zahanati ziandikwe kwenye karatasi hiyohiyo kwa kalamu nene.

Na ongeza: mlezi anayemsindikiza aende na daftari lenye saa ilipoanza, saa ilipokoma, ilianzia mkono upi au mwili mzima, joto la kwapa, dozi ya mwisho ya dawa na mililita zake. Mwenye simu akirekodi video ya sekunde 20 inayoonyesha uso na mikono, daktari ataelewa zaidi ya maelezo ya nusu saa. Isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ionyeshwe daktari na ifutwe.

Mfamasia_wa_Mtaa

Saa ya ukutani iwe na mshale wa sekunde, na betri ikaguliwe kila Jumatatu pamoja na tarehe ya mwisho ya chupa ya paracetamol. Chupa ikishafunguliwa andika tarehe juu yake kwa kalamu na ufuate muda ulioandikwa kwenye lebo, usiitunze mpaka iishe.

TabibuWilayani

Lifanyieni zoezi kwa mwanasesere, mara moja kila mwezi, mlezi aliye zamu akiwa hajui litafanyika saa ngapi. Mpimeni kwa saa tangu mtoto "anapokakamaa" hadi yupo ubavu na bajaji imeitwa. Ikizidi dakika 1, rudieni siku hiyohiyo.